Shingo Inauma? Kinyozi Akunyoe, Asikunyonge

Swali: Tiba ya mikono kwa shingo ni ipi hasa?

Jibu: Mtaalamu wa fiziotherapia anaangalia kwanza shingo inakataa kugeukia wapi, kisha anakanda misuli iliyokaza na kusogeza viungo vya shingo polepole. Baada ya hapo anakufundisha mazoezi. Mikono inatuliza maumivu. Mazoezi ndiyo yanayoifanya nafuu idumu. Ukichukua la kwanza ukaacha la pili, tutaonana tena mwezi ujao.

Swali: Kinyozi akimaliza kuninyoa hunigeuza shingo kwa nguvu, inalia "ko!", nasikia raha. Ubaya uko wapi?

Jibu: Hiyo "ko!" si mfupa unaorudi mahali pake. Hakuna mfupa uliokuwa umetoka. Ni gesi ndani ya ute wa kiungo, sauti ileile ya kuvunja vidole. Raha yake ni ya muda mfupi, ndiyo maana wiki ijayo umerudi kitini.

Sasa sikiliza. Shingo ina pingili 7, na ndani ya vitundu vya zile 6 za juu, kulia na kushoto, umepita mshipa wa damu unaolisha sehemu ya nyuma ya ubongo. Shingo ikinyongwa, yaani ikigeuzwa ghafla kwa nguvu, ukuta wa mshipa huo unaweza kuchanika, damu ikaganda na bonge likapanda kichwani. Hicho ni kiharusi, hata kwa kijana. Ni nadra, sikatai. Ila kinyozi hajakuuliza kama wiki iliyopita ulianguka na bodaboda.

Swali: Mbona nimefanyiwa miaka mitano na ni mzima?

Jibu: Hata anayevuka barabara bila kutazama ana siku nyingi za kufika salama. Usinyongwe shingo.

Swali: Na mwenzangu wa gym, au mke wangu?

Jibu: Akukande mabega, sawa. Akunyonge shingo, hapana. Wala usijishike kidevu ukajinyonga mwenyewe.

Swali: Basi nilale tu, nivae kola ya kushikilia shingo mpaka ipone?

Jibu: Hapana. Shingo isiyotumika hudhoofika na kukakamaa. Kama hukupata ajali, endelea na kazi zako kadiri unavyoweza.

Swali: Mazoezi gani nifanye nyumbani?

Jibu: Kaa wima, vuta kidevu nyuma bila kuinamisha kichwa, hesabu mpaka 5, achia, mara 10. Kisha weka kiganja kwenye paji la uso, sukuma kwa kichwa huku mkono ukizuia, shingo isisogee. Fanya vivyo hivyo upande wa kulia, wa kushoto na kisogoni. Maliza kwa kubana mabega nyuma. Kuvuta kidogo ni kawaida. Maumivu yakishuka mkononi, acha uje tukuone.

Swali: Nikimbilie hospitali lini?

Jibu: Mikono ikifa ganzi au kukosa nguvu, miguu ikilegea, mkojo ukikutoka, homa ikija na shingo ngumu, au baada ya ajali. Na kama ulinyongwa shingo, kisha ukapata maumivu makali mapya ya shingo au kichwa, kizunguzungu, kuona viwiliviwili, uso kupinda au ulimi kuwa mzito, nenda saa hiyohiyo, hata kama zimepita siku kadhaa. Usisubiri asubuhi. Na tafadhali, usirudi kwa kinyozi eti alikosea upande, akurudishie.