Je, wajua kwa nini panya buku hafi akipita juu ya bomu la ardhini?

Msimu wa karafuu uliopita, jioni moja barazani huko Wete, kijana wa skuli alimuuliza babu yake: "Babu, wale panya wa Morogoro wanaotafuta mabomu, wakiyakanyaga hawafi?" Mzee akamjibu kwa huruma: "Wanakufa, mjukuu wangu. Hutangulizwa wao ili asife mtu." Nami niliwahi kulitoa jibu hilo hilo nikiamini ni la kweli, mpaka nilipoisoma kazi hiyo kwa kina. Panya hawafi, na kazi yao si kukanyaga chochote.

Wanyama hao ni panya buku, na hufunzwa Morogoro na shirika la APOPO, lililoasisiwa Ubelgiji mwaka 1997, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Panya mmoja ana uzito wa kilo moja hadi moja na nusu hivi, ilhali bomu lililotegwa kwa ajili ya watu kwa kawaida huhitaji kukandamizwa kwa uzito wa kilo kadhaa ndipo liripuke. Kwa hiyo hupita juu yake kama kuku anavyopita juu ya jamvi. Tena, kumfunza panya mmoja huchukua takriban miezi tisa, na lau angekufa kila linapopatikana bomu, mafunzo hayo yote yangepotea kwa siku moja. Magawa, panya aliyezaliwa Tanzania na kufanya kazi Kambodia, aligundua mabomu na viripuzi zaidi ya 100, akatunukiwa nishani ya dhahabu na PDSA, shirika la Uingereza linalotibu wanyama, mwaka 2020, akastaafu mwaka uliofuata, na akafa Januari 2022 kwa uzee.

Kuna kosa la pili, ambalo kwangu lilichelewa zaidi kuondoka, nalo ni kudhani kwamba thamani ya panya imo katika mabomu anayoyapata. Thamani kubwa imo katika ardhi anayoipita bila kuonyesha dalili yoyote. Msumbiji ni mfano mzuri. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilimalizwa kwa mkataba uliotiwa saini Roma Oktoba 1992, lakini mabomu yalikuwa yametegwa kandokando ya madaraja, reli na nguzo za umeme, kwa kuwa hivyo ndivyo vilivyolindwa na kushambuliwa. Wafadhili wangeweza kuleta fedha, vyuma na wahandisi, na bado mhandisi asiweze kuifikia nguzo anayotakiwa kuitengeneza. Sisi wa visiwani tunakumbuka Unguja ilivyokaa gizani kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 umeme wa kutoka bara ulipokatika. Angalau fundi wetu aliweza kuifikia hitilafu bila kuhofia miguu yake. Msumbiji ilitangazwa kuwa imesafishwa mabomu yote yaliyojulikana Septemba 2015, takriban miaka 23 baada ya amani. Sehemu kubwa ya ardhi inayoogopwa baada ya vita huwa haina bomu hata moja, ila hakuna ajuaye ni sehemu ipi, na mpaka ithibitishwe kuwa salama, haijengwi wala hailimwi.

Ugumu wa kuthibitisha unatokana na kifaa cha kutambua chuma. Kifaa hicho hulia kwa chuma chochote: msumari, kizibo cha soda, ganda la risasi. Kila kinapolia, mtu hupiga magoti na kuufukua udongo kidogo kidogo kana kwamba chini yake pana bomu. Fikiria umepewa ungo wa mchele usiochambuliwa, umefumba macho, ukaambiwa huenda mna sindano ndani yake. Kila kidole kinapogusa kijiwe au punje yenye ganda unalazimika kusita na kuipapasa taratibu, na unaweza kumaliza ungo mzima usiikute sindano yoyote. Ndivyo siku nzima inavyokwisha kwenye eneo dogo.

Panya hagusi kitu, ananusa. Kiripuzi cha TNT kilichomo ndani ya bomu huvujisha chembe chache mno za harufu, zikapenya kwenye udongo hadi juu. Mtu anayepita Chake Chake gizani wakati wa msimu haulizi nyumba gani imeanika karafuu, kwa sababu pua imekwisha kumwambia, na mawe, makuti na misumari ya njiani havimshughulishi. Panya naye amefunzwa harufu moja tu: akiipata na kukwaruza udongo, husikia mlio wa kidude na kupewa ndizi au njugu, akikwaruza pasipo nayo, hapewi kitu. Huko kazini huvikwa mkanda unaoshikizwa kwenye kamba iliyotandwa baina ya watu wawili, akaenda mstari kwa mstari. Inaelezwa kwamba eneo la ukubwa wa uwanja wa tenisi humchukua kama nusu saa, wakati mtu mwenye kifaa huweza kuchukua hadi siku nne.

Ulinganisho huo usitumike kila mahali. Tofauti ni kubwa pale ardhi inapojaa vipande vya chuma, na hupungua pale visipokuwepo. Majani marefu nayo lazima yakatwe kwanza, kwani panya hafanyi kazi vizuri kichakani, na dakika za kukata majani hazimo ndani ya ile nusu saa.

Kazi huanza alfajiri, masikio ya panya yakiwa yamepakwa dawa ya kuyakinga na jua, na husita kabla joto halijawa kali. Panya hurudishwa tunduni kulala, kwa kuwa yeye ni mnyama wa usiku. Pale alipokwaruza huwekwa alama, na mtu mwenye kifaa cha kutambua chuma huja kupiga magoti hapo tu, akalifukua bomu na kuliripua papo hapo lilipo.