Vidonge vya kuongeza damu vinalisha fangasi?

Swali: Nina mimba, na kliniki huku Kayole wamenipa vidonge vya kuongeza damu. Jirani ananiambia chuma kinalisha fangasi. Niache?

Usiache, dada. Kweli fangasi hawaishi bila chuma, zinki na shaba, lakini chuma mwilini hakizagai ovyo. Kwenye damu hubebwa na protini iitwayo transferini. Ndani ya seli huwekwa akiba kwenye feritini. Maambukizi yakiingia, mwili hubana zaidi: ini hutoa homoni ya hepsidini ili akiba isitoke, na seli nyeupe humwaga kalprotektini inayonasa zinki na manganizi. Ukiwashwa ukeni, mwambie muuguzi. Mjamzito kwa kawaida hupewa klotrimazoli ya kuweka ukeni, si vidonge vya flukonazoli vya kujinunulia dukani.

Swali: Kama madini yamefichwa hivyo, mbona fangasi hawafi njaa?

Kwa sababu ni wezi waliobobea. Aspergillus, ambaye mbegu zake tunazivuta na vumbi kila siku, hutoa molekuli ndogo ziitwazo sideroforo, zinazoshika chuma kwa nguvu hadi kumpokonya transferini. Candida albicans, yule wa utando mweupe mdomoni, hatengenezi zake. Hudandia za vijidudu wengine, na hukwapua chuma hata kwenye hemoglobini. Kupata zinki, hutuma protini ya Pra1, inayotoka nje ya seli kwenda kuisomba.

Halafu anajua kubana matumizi. Shaba ikiadimika, huzima kimeng'enya cha kujikinga kinachohitaji shaba, akawasha kingine kinachotumia manganizi. Hapo kwa kweli namvulia kofia.

Swali: Na yule wa kinyesi cha njiwa?

Cryptococcus. Njiwa Nairobi tunao tele, ila anayeumia zaidi ni mwenye VVU ambaye CD4, yaani hesabu ya seli zake za kinga, imeshuka chini ya 100. Mapafuni, seli za kinga humwagia shaba nyingi imuue. Yeye huifunga kwa protini maalumu. Akifika ubongoni, shaba ni haba, basi hugeuka na kuanza kuivuta. Kichwa kikiuma siku nyingi bila kusikia dawa, pamoja na homa au kuona vitu viwili viwili, nenda hospitali leo. Kuna kipimo cha damu cha antijeni, yaani chembechembe za fangasi huyo.

Swali: Basi si tuwanyime chuma kwa dawa?

Taratibu. Deferoksamini, dawa ya kuondoa chuma kilichozidi mwilini, iligeuka mtego: fangasi aitwaye Rhizopus huitumia kujichotea chuma hichohicho, na baadhi ya wagonjwa waliokuwa wakiitumia walishikwa na mukomikosisi, ugonjwa hatari unaoletwa na fangasi wa aina hiyo.