"Imbeni kwa sauti, hatuwasikii!" Ndo maana watoto wetu wanaimba kwa kupiga kelele

Wa Iringa na Njombe kamwene, wa huku kwetu Mbeya mugonile. Kazi yangu ni kufundisha walimu wa elimu ya awali chuoni, na kila tukienda kuwaangalia wakiwa kwenye mazoezi ya kufundisha kuna sentensi naikuta karibu kila darasa: "Imbeni kwa sauti, hatuwasikii!" Basi watoto sabini wanafungua midomo mpaka mishipa ya shingo inasimama, mwalimu anafurahi, sisi wageni tunapiga makofi. Dakika tano baadae mwalimu yuleyule anagonga meza, "Kimyaaa!" Yaani mtoto wa miaka mitano ameshajua kuna kelele na kuna kimya, ila pale katikati, ambapo muziki wenyewe ndo unakaa, hajaonyeshwa na mtu.

Na lugha yetu nayo inatuchanganya kidogo. Tunasema "sauti ya juu" tukimaanisha kelele, alafu mwalimu wa kwaya anasema "sauti ya juu" akimaanisha ile nyembamba wanayoimba akina mama wa sauti ya kwanza. Mtoto afanyeje? Mimi nawaambia walimu wangu tukiwa na wadogo tuseme sauti kubwa na sauti ndogo kwa habari ya nguvu, na nyembamba na nene kwa ile nyingine, basi. Kisha wape mifano wanayoijua. Mbu usiku: sauti nyembamba, lakini ndogo. Lori la mzigo linapanda mlima wa Kitonga: nene, na kubwa. Filimbi ya refa: nyembamba na kubwa. Ukiwaigizisha hivyo vitatu darasani wanacheka sana, lakini hawasahau.

Sasa kitu ninachokipenda kuliko vyote hakihitaji hela. Chukua ndoo ya plastiki, ile ya lita ishirini, igeuze kichwa chini, weka juu yake punje kama kumi na tano za mchele (huku kwetu ni wa Kyela, ila wowote unafaa). Piga pembeni kwa kidole kimoja, taratibu. Punje zinatetemeka tu. Piga kwa kiganja kwa nguvu, zinaruka mpaka chini. Nimefanya hili na darasa moja huku Mbeya, mtoto mmoja wa kike akalala kabisa kifudifudi jicho liko sawa na kitako cha ndoo, akasema "Mwalimu, inapumua." Sikumsahihisha, maana kapatia kabisa. Sauti ni mtetemo, ukipiga kwa nguvu kitu kinatetemeka kwa upana zaidi, hewa inasukumwa zaidi, sikio linapokea kubwa. Akishaona kwa macho, mwambie aweke mkono kooni aimbe ndogo alafu kubwa, ataisikia ndoo ipo ndani yake.

Mchezo wa pili pengine mnaujua ila hamjautumia kwenye muziki. Mtoto mmoja anatoka nje, wenzake wanaficha kijiko, akirudi darasa zima linaimba wimbo wowote wanaoujua, akiwa mbali na kijiko wanaimba kwa sauti ndogo, akikaribia wanakuza, akikifikia wanaimba kwa nguvu zote. Hapo hakuna anayeambiwa kimya, na sauti ndogo inakuwa na kazi yake, ndo siri yenyewe. Kosa utakaloliona mara moja ni kwamba wakikuza wanakimbiza wimbo, na wakipunguza wanaburuza kama gari limeishiwa mafuta. Ni kawaida, usigombeze, mpe mmoja apige mapigo kwenye ndoo bila kubadilisha mwendo na wengine wamfuate.

Msiseme pia sauti ndogo ni mambo ya kizungu. Wahehe wana ligombo, ule ubao wenye uzi na kibuyu chake, sauti yake ni ya upole, lazima ukae karibu na unyamaze ndo uipate. Wazungu wenyewe walihangaika na hilihili, vinanda vyao vya zamani vya kudonoa nyuzi hata ubonyeze kwa hasira sauti ilitoka ileile, mpaka fundi wa Florence huko Italia, Bartolomeo Cristofori, kama mwaka 1700 hivi akatengeneza cha nyundo kinachofuata nguvu ya kidole. Ndo wakakiita pianoforte, yaani ndogo na kubwa.

Kuna faida nyingine ya hii michezo ambayo mimi naiona nzito kuliko muziki. Darasa likishuka kuimba ndogo kabisa, angalia yule anayepotea, anayegeuza kichwa upande mmoja, anayesubiri kuona midomo ya wenzake. Mwezi wa sita na wa saba na baridi yetu hii ya Makete, Njombe, Tukuyu, mafua hayaishi, na mafua kwa watoto mara nyingi yanaingia masikioni, maji yanakaa nyuma ya ngoma ya sikio na mtoto anasikia kama yuko ndani ya blanketi. Mwalimu anamwita mkaidi, kumbe hasikii. Mwambie mama yake ampeleke kituo cha afya akaangaliwe, na tafadhali sana asimwagie mafuta ya moto wala maji ya kitunguu humo ndani.

Na kelele zenyewe tuzipime. Mazungumzo ya kawaida ni kama desibeli 60 (desibeli ndo kipimo cha ukubwa wa sauti). Shirika la Afya Duniani kwa watoto linaweka kikomo cha desibeli 75 kwa masaa 40 kwa wiki, mtu mzima 80, na sauti ikizidi hapo masaa ya usalama yanapungua haraka. Simu ya kusikiliza kwa hedifoni isipite asilimia 60 ya volyumu yake. Ila hedifoni siyo shida yetu kubwa huku, shida ni spika za harusini na kanisani, watoto ndo tunawapanga mbele kabisa, miguuni pa spika yenye urefu wa mlango, eti waone vizuri. Wahamishieni viti vya nyuma, hata mama wa itifaki akikuangalia vibaya wewe beba mtoto wako twende.