Profesa wa Moscow mwenye saiti yake: yanayosemwa kuhusu Ivan Zassoursky na ukweli wenyewe

Ukimwambia mtu kuna jamaa Moscow, Ivan Zassoursky, anafundisha uandishi wa habari chuo kikuu, alafu hapohapo kaanzisha gazeti la mtandaoni na anapigania watu wasome vitu bila kulipia, majibu yanakuja fasta. Eti huyo kapewa kazi na babu yake, eti huyo wa serikali, eti kama ana saiti Urusi basi kashatajirika, eti anachotaka ni watu waibe kazi za wenzao. Mimi nafuatilia mambo ya vyombo vya habari vya Urusi na kwa kweli naumia nikiyasikia, kwa sababu yanaficha kazi ambayo inamgusa hadi mtu asiyejua neno moja la Kirusi.

Tuanze na la babu, maana hili lina ukweli ndani yake. Yasen Zassoursky aliongoza kitivo cha uandishi wa habari cha Chuo Kikuu cha Moscow kuanzia 1965 mpaka 2007, miaka 42, yaani alianza enzi ya Brezhnev, na viongozi wa baadaye, Gorbachev, Yeltsin na Putin, wote wakamkuta palepale mtaa wa Mokhovaya, hatua chache kutoka Kremlin. Mwenyewe alikuwa msomi wa fasihi ya Marekani, jambo ambalo enzi ya Kisovieti halikuwa dogo, na Anna Politkovskaya, mwandishi wa habari maarufu, alihitimu kitivo hichohicho 1980 Yasen akiwa ndo mkuu. Sasa Ivan ni mjukuu wake, kazaliwa 1974, kasoma palepale na kafundisha palepale, na sitasema jina halikumsaidia, jina kubwa linafungua mlango popote duniani. Ila anayesema kiti kilirithiwa anakosea, kwa sababu babu alipoachia 2007 kiti kilikwenda kwa Elena Vartanova ambaye sio wa ukoo huo. Mjukuu alishika idara ya vyombo vipya vya habari na nadharia ya mawasiliano, kitu ambacho babu hakuwa nacho. Kabla ya hapo miaka ya 90 alikuwa anaandikia gazeti la Nezavisimaya Gazeta, na 1999 akatoa kitabu kuhusu vyombo vya habari vya miaka hiyohiyo, jinsi matajiri na televisheni walivyokuwa wanatengeneza siasa. Wakati huo hayo mambo yalikuwa bado ya moto kabisa, uchaguzi wa rais wa 1996 ulikuwa umepita juzi tu.

La pili wanasema intaneti ya Urusi ilikuwa mali ya serikali toka siku ya kwanza, kwa hiyo yeyote aliyefanikiwa humo ni mtu wao. Hapana jamani. Mwanzoni ilikuwa ya mafundi. Mtandao wa Relcom ulianza 1990 na watu wa Taasisi ya Kurchatov, kituo cha utafiti wa nyuklia, tena Agosti 1991 wakati wa jaribio la mapinduzi televisheni inaonyesha densi ya baleti tu, Relcom ndo ilikuwa inapitisha habari kwenda miji mingine na nje ya nchi, na hakuna aliyekumbuka kuizima. Anuani za .ru zikaja 1994, injini ya kutafuta ya Rambler 1996, Yandex 1997, alafu 1999 Anton Nossik na wenzake wakatoa magazeti ya mtandaoni Gazeta.ru na Lenta.ru. Mkono wa dola kwenye intaneti ulikaza baadaye, orodha ya saiti za kufungiwa ilianza 2012, na Machi 2014 mhariri mkuu wa Lenta.ru Galina Timchenko akafukuzwa na waandishi wengi wakaondoka naye, ndo ikazaliwa saiti ya habari ya Meduza kule Riga, Latvia. Zassoursky alilelewa na ile intaneti ya kwanza, akapitia Rambler kwenye miradi maalum, na ukiangalia alichofanya baadaye unaiona roho ya miaka ile.

Kuhusu utajiri sitakaa sana. Pesa kubwa ya mtandao wa Urusi iliingia kwenye majukwaa, sio kwenye magazeti. Kampuni ya SUP ilinunua jukwaa la blogu la LiveJournal Desemba 2007, Yandex ilipoingia soko la hisa la NASDAQ 2011 ilikusanya dola bilioni 1.3. Zassoursky yeye alianzisha gazeti la mtandaoni la Chastny Korrespondent, watu wanaita Chaskor, mwaka 2008, mwaka ambao uchumi wa dunia nzima ulikuwa unaporomoka na matangazo yanakauka, tena gazeti lenyewe la makala ndefu za utamaduni, sayansi na siasa. Anayetafuta hela ya haraka haanzi na kitu kama hicho.

Sasa hili ndo nilikuwa nalitaka, kwamba leseni huria, yaani mwandishi kuruhusu mapema kazi yake itumike bure, ni uharamia wenye jina zuri. Nalisikia hata kwa waandishi wa habari, watu ambao wangepaswa kuwa wa kwanza kuelewa. Chaskor iliweka makala zake chini ya leseni ya Creative Commons, ile ambayo unaruhusiwa kukopi, kupesti kwako, kutafsiri, hata kuuza, sharti ni kumtaja mwandishi na chanzo. Wikipedia yenyewe inadai zaidi ya hapo, ukibadilisha makala yake lazima na wewe uitoe kwa leseni ileile, Chaskor hata hilo haikudai. Na mwenye haki ni nani hapo? Ni mwandishi bado. Hajaachia chochote kinyemela, ametangaza mapema kwa maandishi nini kinaruhusiwa ili mtu asihitaji kumtafuta kwa imeli wiki tatu. Haramia hachukui ruhusa kwa mtu, anayetumia makala ya Chaskor anaichukua ruhusa iliyokwishatolewa. Tofauti hiyo ni kubwa na inaniuma ikichukuliwa kama mchezo wa maneno.

Na Urusi hili halikuwa rahisi kisheria, hapo ndo watu hawajui. Sehemu ya nne ya Kanuni ya Kiraia, sheria kuu ya mali na mikataba, iliyoanza kazi 2008 ilidai mkataba wa maandishi kati ya mwenye haki na mtumiaji, sasa leseni ya mtandaoni ambayo hakuna aliyesaini ilikuwa inaning'inia hewani, mahakama ingeweza kuikataa. Zassoursky na Chama cha Wachapishaji wa Intaneti alichokiongoza, pamoja na watu wa Wikimedia wa Urusi, wale wa Wikipedia, walikuwa kati ya waliolipigania jambo hili, mpaka kifungu 1286.1 kikaingia kwenye kanuni na kuanza kazi tarehe 1 Oktoba 2014. Kikasema leseni ya wazi ni mkataba halali, ukianza tu kuitumia kazi umekubali masharti. Kuna mtego mmoja humo, kama hukuandika muda basi programu za kompyuta na hifadhidata zinaruhusiwa kwa muda wote wa hakimiliki, ila maandishi, picha na muziki ni miaka 5 tu. Kipindi hichohicho upande wa pili ulikuwa unavuta, sheria ya kupambana na uharamia ilianza 1 Agosti 2013 kwa filamu na tamthilia, Mei 2015 ikapanuliwa hadi vitabu na muziki, saiti zikaanza kufungiwa moja kwa moja. Kwa hiyo nchi moja, bunge moja, mlango mmoja unafunguliwa na mwingine unabamizwa ndani ya miaka miwili.

Ukitaka kuelewa kwa nini mtu anatumia miaka ya maisha yake kwa vifungu kama hivi, angalia hesabu ya hakimiliki kule. Kawaida ni miaka 70 baada ya kifo. Ila kama mwandishi aliteswa na dola kisha akasafishwa jina baada ya kufa, hiyo 70 inahesabiwa kuanzia mwaka unaofuata kusafishwa. Mwandishi Isaac Babel alipigwa risasi Januari 1940, akasafishwa 1954. Maana yake mwandishi ambaye dola ilimuua na kumnyamazisha, kazi zake zinakaa kifungoni miaka mingi zaidi ya mwenzake aliyekufa kitandani mwaka huohuo. Nia ya sheria ni nzuri, kuifidia familia, lakini msomaji ndo anasubiri, na kwa mwandishi asiyechapishwa tena na mtu yeyote huko kusubiri ni sawa na kufutwa.

Kuna pia wanaosema profesa ni mtu wa nadharia na biashara za mtandaoni ni pembeni. Kwake hivi vitu viwili ni kimoja. Aliendesha mradi wa kuweka kazi za wanafunzi wa vyuo mtandaoni, zile tasnifu za mwisho ambazo huku kwetu pia tunazijua, mtu anahenya mwaka mzima, anazifunga jalada gumu, anapewa digrii, na zile kurasa haziguswi tena na mtu. Zikiwa wazi mtandaoni mwanafunzi wa mji mwingine anaendelea pale mwenzake alipoishia. Na wizi unaonekana, Urusi wanalijua hili vizuri kwa sababu toka 2013 kuna kundi la Dissernet linalolinganisha tasnifu za wakubwa, wabunge na wakuu wa vyuo, sentensi kwa sentensi, na limeumbua wengi.

Mwisho lile la kuwa mtu wa serikali kwa kuwa aliingia kwenye Baraza la Rais la haki za binadamu 2012. Baraza lile linashauri tu, halitungi sheria wala halimzuii mtu kukamatwa, na mimi naona ni haki kabisa kumuuliza yeyote aliyekaa humo alipata nini. Lakini mwenyekiti wake wakati ule, toka 2010 mpaka 2019, alikuwa Mikhail Fedotov, mmoja wa watu watatu walioandika sheria ya vyombo vya habari ya Desemba 1991, ile iliyopiga marufuku udhibiti wa habari Urusi. Mtu anayetaka kifungu cha leseni za wazi kipite kwenye kanuni ya nchi anahitaji kukaa meza moja na watu wa namna hiyo, na kifungu kilipita.