Vifaa vya mfukoni vya kila siku: maana yake na namna ya kuvikusanya kwa gharama nafuu

Vifaa vya mfukoni vya kila siku ni vitu vichache ambavyo mtu huvibeba mwilini, kwa makusudi na bila kukosa, kila anapotoka nyumbani, kwa kuwa ameshabaini kwamba shughuli zake hukwama asipokuwa navyo. Wapenzi wa jambo hili mitandaoni hulitaja kwa herufi EDC, kifupi cha maneno ya Kiingereza "everyday carry", yaani vya kubeba kila siku, na picha wanazozibandika, zenye kisu, tochi, kalamu, saa na pochi vilivyopangwa juu ya meza, zimewafanya wengi waamini kwamba dhana yenyewe ni orodha ya bidhaa za kununua. Dhana haiko hivyo. Kitu huingia katika seti kinapotimiza masharti matatu kwa pamoja: ama kinatumika mara kwa mara ama kukosekana kwake huleta hasara isiyo ndogo, kinabebeka bila kumsumbua mwenyewe, na kipo siku zote, hata siku ambayo hakitazamiwi kutumika.

Sharti la tatu ndilo linalotenganisha dhana hii na mambo yanayofanana nayo. Sanduku la zana la fundi halimo, kwa sababu hubebwa siku ya kazi tu. Begi la dharura linalowekwa tayari kwa ajili ya mafuriko au tetemeko nalo halimo, kwa sababu hukaa nyumbani likingoja siku ambayo huenda isifike. Mkusanyo wa visu ishirini ndani ya kabati ni burudani nzuri kwa anayeupenda, lakini kisu kilichoachwa kabatini hakimsaidii mtu aliye kituo cha basi.

Tabia yenyewe ni ya kale sana. Mwaka 1991, kwenye barafu ya milima ya Alps katika mpaka wa Austria na Italia, ulionekana mwili wa mtu aliyekufa takribani miaka 5,300 iliyopita, ambaye watafiti humwita Ötzi. Mbali na shoka la shaba na upinde, alikuwa na kisu cha jiwe gumegume na kifuko kilichofungwa kiunoni, na ndani ya kifuko hicho mlikuwa na kikwangulio, kitobolea, kipande cha jiwe chenye makali, msumari wa mfupa wa kutobolea ngozi na kuvu mkavu wa kuwashia moto. Vitu hivyo ni vidogo na havifanani kazi, na kila kimoja kilijibu haja ya mtu aliyekuwa akipita njia za milimani.

Zana mbili zinazoheshimiwa zaidi na wapenzi wa siku hizi zilizaliwa kwa njia hiyohiyo. Karl Elsener alifungua karakana yake huko Ibach, Uswisi, mwaka 1884, na kisu alichokisajili mwaka 1897, ambacho ndicho asili ya visu vyekundu vya Victorinox, kilitokana na kisu cha askari kilichopaswa kufungua makopo ya chakula na kusaidia kuifungua bunduki kwa usafi. Naye Tim Leatherman, Mmarekani wa jimbo la Oregon, alisafiri Ulaya mwaka 1975 akiwa na gari kuukuu na kisu cha skauti, akawa anakosa koleo kila mara gari na mabomba ya vyumba vya wageni yalipoharibika. Zana yake ya koleo inayokunjika ilianza kuuzwa mwaka 1983. Nayataja hayo kwa sababu yanaonyesha mpangilio ulio sahihi: upungufu hutangulia, kifaa hufuata. Anayeanza na kifaa, kisha akakitafutia kazi, hutumia fedha nyingi na mifuko yake huwa mizito bure.

Kwa hiyo seti nafuu haianzii dukani. Huanzia kwenye kumbukumbu ya siku za kawaida, na swali linalofaa kuliko yote ni hili: ni vitu gani ambavyo mtu huyu huviazima kwa wengine? Anayeomba kalamu kila anapojaza fomu benki, anayeomba wembe afungue mzigo uliotumwa kwa basi, anayeomba kumulikiwa njia umeme unapokatika, ameshapewa orodha yake bila kusoma ushauri wa mtu yeyote. Orodha hizo hazilingani. Muuguzi wa zamu ya usiku anahitaji saa yenye mshale wa sekunde na kalamu mbili. Mwendesha bodaboda anahitaji kitambaa, spana ndogo na mpira wa kufungia. Mwanafunzi wa chuo anahitaji waya wa kuchajia simu. Ukiwapa wote watatu seti moja iliyonakiliwa kutoka kwenye picha, wawili kati yao watakuwa wamebebeshwa mzigo.

Baada ya hapo ndipo huangaliwa kilichopo tayari. Funguo, kitambulisho, simu, leso na noti kidogo za akiba ni sehemu ya seti, ingawa watu wengi hawazihesabu kwa kuwa hazipendezi kwenye picha. Noti za akiba zinastahili kutajwa kwa namna ya pekee. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini Kenya mwaka 2007, wengi katika Afrika Mashariki wamezoea kutembea bila fedha taslimu, na mazoea hayo hufaa mpaka simu inapozima chaji mtu akiwa ndani ya daladala au matatu. Nauli ya kurudi nyumbani, ikikunjwa na kuwekwa mbali na pochi, hufanya kazi ambayo kifaa chochote cha bei hakiwezi kuifanya.

Tochi ndiyo ninayoiona kuwa ununuzi wa kwanza wenye maana. Watumiaji wa simu ndogo za kubonyeza, ambazo watu huziita vitochi, wanafahamu thamani hiyo tangu Nokia ilipotoa modeli ya 1100 mwaka 2003 ikiwa na taa kichwani, na simu hiyo ikauzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Mwenye simu kubwa naye anayo taa, lakini kila dakika anayomulika huikopa kwenye chaji ya mawasiliano na ya fedha zake. Tochi ndogo ya betri moja nyembamba, ile ya AAA, hutoshea kwenye pete ya funguo. Mnunuzi asivutwe na namba kubwa za lumeni, yaani kipimo cha wingi wa mwanga, zilizoandikwa kwenye boksi, kwa sababu mshumaa mmoja hutoa takribani lumeni 12 na bado watu husomea kwa mshumaa. Kutafuta tundu la ufunguo hakuhitaji zaidi ya hapo, na lumeni mia moja hutosha kumulika njia ya mtaani. Jambo la muhimu zaidi ni betri. Betri za kawaida za alkali zikisahaulika ndani ya tochi kwa miezi mingi, hasa mahali penye joto, huvuja kemikali inayokula springi na viungo vya ndani, na tochi nyingi nafuu hufa kwa sababu hiyo kabla taa yenyewe haijachakaa. Betri mbili za kuchaji za aina ya nikeli, ambazo ni nadra kuvuja, hurudisha gharama yake mapema.

Kisu huleta mjadala mkubwa kuliko vyote, na hapa lazima nieleze kwa kirefu, kwa sababu ndipo fedha hupotea na ndipo mtu anaweza kujitia matatani. Kazi halisi za kisu mjini ni kukata kamba, kufungua boksi, kumenya tunda na kukata uzi uliochomoza kwenye nguo. Kazi hizo hazihitaji bapa refu. Victorinox ya ukubwa wa milimita 58 ikiwa imefungwa, yenye uzito upatao gramu 20, ina bapa dogo, mkasi, tupa ya kucha yenye ncha ya bisibisi, kibanio cha kutolea miiba na kijiti cha meno, na mkasi wake ndio utakaotumika zaidi kuliko bapa. Kwa anayetaka kisu hasa cha chakula, Opinel ya Ufaransa, iliyobuniwa na Joseph Opinel mwaka 1890, ni nyepesi, hukata vizuri na bei yake ni ndogo ikilinganishwa na zana za koleo za Leatherman, ambazo nyingi huzidi dola 100. Hata hivyo mkazi wa Tanga, Mombasa au Unguja afahamu mambo mawili kabla hajaichagua: bapa la chuma cha kaboni hushika kutu upesi katika hewa ya chumvi, kwa hiyo achukue lile la chuma cha pua, na mpini wake ni wa mti, ambao hufura kwa unyevu mpaka kisu kikawa kigumu kufunguka.

Sheria nayo ni sehemu ya dhana hii, kwa kuwa kifaa kisichoruhusiwa hakiwezi kubebwa kila siku. Mswahili anayeishi England au Wales anaruhusiwa, kwa sheria ya mwaka 1988, kutembea na kisu cha kukunja kisicho na kifungio cha kulikaza bapa likiwa wazi, chenye makali yasiyozidi inchi 3 bila kutakiwa kueleza sababu. Opinel namba 8, yenye bapa la sentimita 8.5 na pete ya kulikaza likiwa wazi, inatoka nje ya ruhusa hiyo, ilhali Victorinox ndogo imo ndani yake. Viwanja vya ndege vina kanuni zake. Kisu cha aina yoyote kiende kwenye mzigo unaopakiwa chini. Vilevile walinzi kwenye milango ya majengo makubwa ya biashara jijini Nairobi hupekua mifuko, na kisu kinaweza kuzuiwa mlangoni. Ninashauri kwa moyo mmoja kwamba anayepita sehemu kama hizo kila siku abebe mkasi mfupi wenye ncha butu badala ya kisu, na asijione amepungukiwa. Anayebeba kisu kwa nia ya kujihami ameshatoka kwenye dhana ninayoieleza hapa, na ameingia kwenye hatari kubwa kuliko ile anayoikimbia.

Kalamu haihitaji maneno mengi. Bic ya plastiki angavu, iliyoanza kuuzwa Ufaransa mwaka 1950, huandika, hupatikana kila duka na ikipotea haimuumizi mtu. Kalamu ya chuma ya bei kubwa huandika maneno yaleyale.

Mfuko mwepesi wa kitambaa unaokunjwa hadi kutoshea kiganjani ni kifaa ambacho orodha nyingi za Ulaya na Marekani hukisahau, na kwetu ni cha lazima. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya ikafuata Agosti 2017, na Tanzania tarehe 1 Juni 2019, na tangu hapo anayenunua vitu sokoni bila mfuko wake hununua mfuko mwingine kila mara. Kipande cha khanga kuukuu na fundi cherehani wa mtaani hutosha kuupata. Plasta mbili, pini moja na vidonge vichache vya maumivu hukaa ndani ya kopo dogo la bati la peremende, lifungwe kwa mpira ili lisilie-lie linapotikisika.

Pawa benki huwekwa begini, kwani uzito wake huvuta mfuko wa suruali. Mnunuzi ajue kwamba yenye maandishi ya mAh 10,000 (mAh ni kipimo cha chaji ya betri) haimpi simu kiasi hicho chote: betri ya ndani ni ya volti 3.7, umeme hupandishwa hadi volti 5, na hata kabla ya upotevu wa joto kinachobaki ni kama mAh 7,400. Safarini huingia nayo ndani ya ndege, si kwenye mzigo wa chini, na kikomo cha kawaida bila kibali ni saa-wati 100 (kipimo cha nishati, kifupi chake Wh), ambazo ni kama mAh 27,000.

Wakati wa kununua, iwe Kariakoo, Gikomba au duka la vifaa vya ujenzi, kila kitu kijaribiwe palepale. Kisu kifunguliwe na bapa litikiswe kushoto na kulia, lisicheze. Mkasi ukate karatasi laini ya chooni hadi kwenye ncha bila kuivuta. Tochi iwashwe, igongwe kidogo kwenye kiganja, na taa isipepese. Muuzaji akikataa majaribio hayo, mnunuzi ahamie meza ya pili.