Campionissimo: bingwa wa mabingwa katika baiskeli za Italia

Italia imetoa mabingwa wengi wa mbio za baiskeli, lakini waliowahi kuitwa campionissimo, yaani bingwa wa mabingwa, ni wachache mno. Cheo hiki hakina kombe wala hakitolewi na chama chochote. Magazeti na mashabiki ndio humwita mtu hivyo, na jina likishashika, limeshika.

Wa kwanza alikuwa Costante Girardengo, aliyeshinda hatua 7 kati ya 10 za Giro d'Italia ya 1919, mbio za kuzunguka Italia ambazo kila hatua ni safari ya siku moja. Akafuata Alfredo Binda. Mwaka 1927 Binda alishinda hatua 12 kati ya 15, na kufikia 1930 waandaaji wa Giro wakamlipa lira 22,500 ili asishiriki, maana mbio zilikuwa zimekosa utamu. Kushinda sana, peke yake, hakumfanyi mtu apendwe.

Ukiwauliza Waitalia leo, jina la kwanza litakuwa Fausto Coppi. Alitwaa Giro mara 5 na Tour de France, mbio za kuzunguka Ufaransa, mara 2, na mwaka 1949 akawa mtu wa kwanza kuzitwaa zote mbili katika mwaka mmoja. Hata hivyo, naamini mapenzi ya Waitalia kwake yalitokana zaidi na wakati wenyewe. Coppi alikuwa ametekwa vitani Afrika Kaskazini, akarudi katika nchi iliyobomoka na yenye njaa. Mwaka 1946 alishinda Milano–San Remo, mbio za siku moja, akimtangulia wa pili kwa dakika 14. Mbio za baiskeli hupita barabarani, mlangoni kwa watu, bila kiingilio. Waliokuwa mbali walisikiliza redio. Tarehe 10 Juni 1949, katika hatua ya Giro kati ya miji ya Cuneo na Pinerolo, alijitenga akavuka milima peke yake kwa kilomita 192. Mtangazaji Mario Ferretti akawaambia wasikilizaji kwamba mtu mmoja yuko mbele peke yake, jezi yake nyeupe na buluu, jina lake Fausto Coppi. Maneno hayo Waitalia wanayakumbuka hadi leo.

Aliyeshika nafasi ya pili siku hiyo, karibu dakika 12 nyuma, alikuwa Gino Bartali, Mkatoliki mcha Mungu kutoka Toscana. Nchi iligawanyika kambi mbili kwa ajili yao, na ushindani huo uliwakuza wote wawili.

Coppi alifariki tarehe 2 Januari 1960 akiwa na miaka 40, kwa malaria aliyoipata Upper Volta, Burkina Faso ya leo. Inauma, kwa sababu madaktari wake hawakuitambua, ilhali mwenzake wa safari, Raphaël Géminiani, alitibiwa ugonjwa huohuo nchini Ufaransa akapona. Tangu 1965 kilele kirefu kuliko vyote katika kila Giro huitwa Cima Coppi.

Marco Pantani alipotwaa Giro na Tour mwaka 1998, Italia ilimpenda kwa moyo wote. Yeye aliitwa Pirata, yaani Haramia. Lile la campionissimo likabaki kwa Coppi.