Je, wajua kwa nini kiwanda kinachotaka kupunguza kaboni huanza kwa kusikiliza mabomba?

Hata siku ambayo mashine zote zimezimwa, kiwanda hakinyamazi. Kwenye mabomba kuna mlio wa "ssss" wa hewa inayovuja, na kompresa (mashine ya kubana hewa) hubana hewa kila baada ya dakika chache ingawa hakuna anayeitumia. Mlio huo ni umeme unaopotea, na umeme huo unahesabiwa kwenye kaboni ya kampuni bila kutengeneza bidhaa hata moja.

Hewa iliyobanwa ni ghali kwa sababu sehemu kubwa ya umeme wa kompresa huishia kuwa joto. Tundu la milimita 3, kwenye presha ya bar 7, hula karibu kilowati 4. Kwa saa 8,000 za mwaka, hizo ni kilowati-saa 32,000.

Kupima ni rahisi. Zima vyote vinavyotumia hewa, acha kompresa ijaze tangi, kisha shika saa: inabana kwa muda gani, inapumzika kwa muda gani? Ikibana dakika 2 na kupumzika 6, robo ya uwezo wake inavuja. (Kipimo hiki ni cha kompresa ya mwendo mmoja; inayobadili mwendo huhitaji mita.) Pasipo na ufuatiliaji, uvujaji wa asilimia 20 hadi 30 ni kawaida. Chini ya 10 inawezekana kabisa.

Anza kukagua maungio ya haraka, mabomba ya mpira yaliyozeeka, na vali za kutolea maji yanayojikusanya kwenye hewa iliyobanwa, zilizokwama wazi. Maji hayo huwa na mafuta, hivyo yatenganishwe kwanza, yasimwagwe mtaroni. Maji ya sabuni yatatoa mapovu penye uvujaji. Weka alama, ondoa presha, rekebisha, pima tena.

Kosa kubwa ni kuongeza presha pale mashine za mwisho wa bomba zinapokosa nguvu. Kila bar inayoongezwa hupandisha matumizi ya umeme kwa takriban asilimia 7, na matundu yaleyale huvuja zaidi.

Kosa la pili hugunduliwa bili inapofika: matundu yamezibwa, lakini umeme haukushuka inavyotarajiwa. Kompresa inayozunguka bila kubana bado hula robo hadi theluthi ya umeme wake wa kawaida. Baada ya kuziba, shusha presha hatua kwa hatua, na kama kompresa moja inatosha, zima ya pili kabisa.